Utalii wa kijiji huonekana vizuri wageni wakishaondoka

Msomaji wetu wa Kisauni ameuliza hivi:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika anthropolojia. Nataka kufanya utafiti wa utalii wa kijamii katika kijiji kimoja cha Kwale, ambako akina mama wana daraja la mbao la kutembezea wageni kwenye mikoko, na huwapikia chakula pia. Nimepanga kwenda Agosti, wiki sita. Msimamizi wangu anataka hojaji 200. Nilikwenda siku moja kupaangalia, nikapokewa vizuri sana, lakini kila niliyemuuliza alinijibu maneno yaleyale. Mwenyekiti wa kikundi ameniomba niandike mazuri ili wafadhili waone. Nifanyeje nipate ukweli? Na je, niwalipe ninaowahoji?"

Marahaba, mwanangu. Jina la kijiji ulinitajia, nami sitaliandika hapa. Sababu yake nitaieleza huko mbele.

Nianze na maneno yaleyale. Usiyatupe, wala usiyaite uongo. Kijiji kinachopata riziki kwa wageni hujifunza kuzungumza na wageni, na wenyewe wanaijua kazi hiyo kuliko unavyodhani. Chukua Gazi, si mbali na hapo unapokwenda. Taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, ina kituo pale. Tangu 2013 Gazi na Makongeni wanaendesha Mikoko Pamoja, mradi wa kuuza hati za hewa ya ukaa inayonaswa na hekta 117 za mikoko, na mwaka 2017 ulipata tuzo ya kimataifa ya Equator. Wanasayansi, waandishi, wafadhili na mabasi ya wanafunzi, wote wamepita njia hiyo. Mama wa ukanda ule huenda ameshahojiwa mara nyingi kuliko wewe ulivyowahi kuhoji. Ukimfuata na daftari na kalamu, anakupanga kwenye safu ya wageni na kukupa kinachowafaa wageni.

Basi wiki ya kwanza yachukue maneno hayo kama yalivyo, neno kwa neno. Nani huyasema? Nani husimama pembeni akanyamaza? Akija mwalimu na watoto wa shule yanasemwa yapi, na akija mfadhili yanaongezwa yapi? Sehemu ipi ya msitu hutajwa kila siku, na ipi hupitwa kimya? Ukishayajua hivyo, utajua pia yanapokomea. Hayo ndiyo matayarisho. Utafiti wenyewe huanza wageni wakishapanda gari wakaenda zao.

Kwa hiyo jibu langu kubwa ni hili: badilisha kalenda yako. Agosti peke yake itakuonyesha kijiji kikiwa kimevaa nguo za sikukuu. Utalii wa pwani yetu hufuata pepo na likizo. Kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, hoteli za Diani hujaa. Julai na Agosti wageni huongezeka tena. Katikati kuna masika na kusi kali, bahari inachafuka, na hoteli nyingi hufunga au hupunguza wafanyakazi. Nenda wiki tatu Agosti, rudi wiki tatu Mei, na kama ratiba ya chuo inaruhusu, ongeza. Mei ndipo mbao za daraja zinapooza na mtu anapaswa kuzibadilisha. Ni nani anayekuja na nyundo, na nani anayesema yuko shambani? Mama aliyekuwa akiwapikia Wazungu samaki wa kupaka sasa anakula nini: anasuka makuti, analima mpunga, au amerudi kuwa mama karanga, mkaanga samaki wa kuuza, akingoja mashua ufuoni na sufuria yake? Kikao cha kikundi kikiitwa siku ambayo hakuna pesa ya kugawana, wanakuja wangapi? Hayo ukiyaona kwa macho yako, maswali mengi uliyoyaandika kwenye pendekezo la utafiti utayafuta mwenyewe.

Malinowski, mwanaanthropolojia wa zamani, alipata sifa katika fani hii kwa sababu alikaa. Miaka ya Vita Vikuu vya Kwanza alikuwa visiwa vya Trobriand, katika Pasifiki, akaona misimu ikizunguka, akajua lugha. Mwanafunzi wake mmoja kule London alikuwa Jomo Kenyatta, aliyeandika juu ya Wagikuyu wenzake na kuchapisha mwaka 1938. Wanafunzi wetu wengi hushika mfano wa Kenyatta wakasema, "Mimi ni mtu wa pwani, nipo nyumbani." Mwanangu, kwa pale wewe si mtu wa nyumbani. Wewe ni binti wa mjini uliyevuka Likoni. Watakusikiliza kwa heshima, na Kiswahili chako watakielewa, lakini jioni uani watazungumza Chidigo, lugha ya Wadigo, wenyeji wa pale. Anza kujifunza sasa. Likoni na Ukunda wamejaa watu wa kukufundisha. Miezi michache itakutosha kufuata mazungumzo, hata kama huwezi kuyajibu sawasawa.

Kalenda ya pili ni ya maji, na hiyo hakuna hojaji inayoikamata. Mamlaka ya Bandari hutoa jedwali la maji kujaa na kupwa. Lipate, ulibandike ndani ya daftari. Siku za bamvua, huku kwetu bahari hupwa sana kwenye saa nne asubuhi, na saa hizo wanawake wengi huwa miambani wakitafuta pweza na kombe. Sasa fikiria kundi la watalii kutoka Diani limepangiwa saa nne hiyohiyo. Mama ana njia mbili. Akienda mwambani, pweza wake ni pesa ya leo, mkononi mwake. Akibaki darajani, pesa inaingia kwenye sanduku la kikundi, naye ataiona mgao ukifika, kama utafika. Kaa hapo siku za bamvua uangalie nani anabaki na nani anakwenda. Halafu angalia tena siku za maji mafu, bahari inapopwa kidogo tu. Utapata kujua utalii una thamani gani kwa nani, bila kumuuliza mtu "unafaidika vipi na utalii?", swali ambalo jibu lake umeshalisikia.

Kisha fuata pesa, lakini uifuate jikoni. Usianze na bajeti ya mradi. Chagua chakula kimoja cha mchana cha wageni, toka mwanzo hadi mwisho. Mchele umenunuliwa duka la nani, na kwa deni au taslimu? Nazi zimetoka mnazi wa nani, aliyekwea amelipwa nini? Samaki kachukuliwa kwa mvuvi gani, na kwa nini huyo na si jirani yake? Maji nani kayateka, kuni nani kazileta, na je, ni kuni za mkandaa zilizotoka kwenye msitu uleule ambao wageni wametoka kuambiwa haukatwi? Chukua mfano mgeni amelipa shilingi 800 kwa sahani. Dereva aliyemleta anataka yake, mtembeza wageni yake, kikundi kinakata yake, na aliyekaa mbele ya moshi tangu alfajiri anapata kilichobaki. Ukifuata sahani chache namna hiyo, Agosti na tena Mei, utakuwa na sura nzima ya tasnifu. Wengine, ukishazoeleka, watakubali kukaa nawe na kupitia jumbe zao za M-Pesa, mmoja baada ya mwingine, wakikueleza kila ujumbe ulikuwa wa nini. Omba ruhusa kila mara, usipige picha skrini ya mtu, na ujumbe anaoupita haraka uache upite.

Omba pia kuona kitabu cha wageni. Safu zake zina tarehe, nchi, idadi na malipo, na humo utaona mambo ambayo hotuba haiyasemi. Usishangae ukikuta wanafunzi wa Kenya ni wengi kuliko watalii wa ng'ambo.

Daftari la mweka hazina ni jambo jingine, na hapo nenda taratibu. Nimewahi kuketi kwenye kikao cha kikundi cha namna hiyo, kusini ya Ukunda, chini ya mwembe. Mweka hazina alisoma mapato kwa sauti, kisha matumizi. Alipofika kwenye "usafiri", kiasi kilikuwa kikubwa kuliko mwezi wowote. Mama mmoja akainama akawa anakunjakunja pindo la leso yake, na wote wakanyamaza, tukaendelea. Mtu mwenye haraka angeandika pale pale: ubadhirifu. Baada ya siku nyingi, tukichambua mbaazi, mmoja wao akanieleza mwenyewe. Mwenzao alishikwa na uchungu usiku, wakakodi gari kumkimbiza hospitali ya Msambweni, na masharti ya mfadhili hayakuwa na fungu la ugonjwa wa mwanachama. Wakakubaliana wote waandike usafiri. Kwao ilikuwa ndiyo maana ya kuwa na kikundi. Kwenye ripoti ya mkaguzi ingekuwa kosa. Utakutana na mambo kama hayo, nakuomba ukae nayo mpaka uelewe kabla kalamu haijagusa karatasi. Na wizi wa kweli pia upo. Ukiuona hutaujua kama ni wizi mpaka uwe umeijua kwanza mikataba ya kimya kama ile.

Wanaokuvutia leo ni akina mama wa kikundi, nami nasema nusu ya muda wako uutoe kwa walio nje yake. Waliojitoa. Walionyimwa nafasi. Mvuvi ambaye mashua yake haikodiwi hata siku moja. Kijana wa bichi anayeitwa msumbufu, ilhali ndiye aliyejifunza Kijerumani na Kitaliano kwa kusikia tu. Aliyekuwa akikata boriti za mikoko kabla ya ulinzi kuanza, na sasa anaitwa mharibifu wa mazingira kwa kazi iliyomlisha babu yake. Chora pia nasaba ya kamati: nani dada wa nani, nani ameolewa wapi. Wadigo tangu zamani wana urithi wa upande wa mama, na juu yake ikaja sheria ya Kiislamu na ya serikali. Kiwanja ambapo jiko la wageni limejengwa kinaweza kuwa na wenyewe wa aina tatu. Mara nyingi kinachoitwa ugomvi wa utalii ni ugomvi wa ardhi.

Kuhusu historia, watu watakupangia miaka kwa misiba. Kuna kabla na baada ya Agosti 1997, ghasia za Likoni. Kuna bomu la hoteli ya Kikambala, Novemba 2002. Kuna ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, kuna 2014 Uingereza ilipowaonya raia wake na ndege zikawachukua watalii kuwarudisha kwao, na kuna 2020 ya korona. Ni vipimo vizuri: muulize mtu alikuwa akifanya kazi gani kabla na baada ya kila kimoja. Lakini 1997 usiianze wewe. Kwale kuna nyumba ambazo vijana wao walichukuliwa mwaka ule. Wakitaka, wataifungua wenyewe, na huenda ikawa usiku wa mwisho wa kukaa kwako.

Yapo na ambayo hutaambiwa kabisa, na ni haki yao. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo jirani na Diani, ni mfano mzuri wa kutazama kabla hujaanza. Misitu ya kaya za Mijikenda iliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2008, na Kinondo inapokea wageni, lakini kwa masharti ya wazee: unafungwa kaniki kiunoni, unaingia na kiongozi wao, hutoki na jani wala jiwe. Kuna mahali mgeni anafika na mahali hafiki. Mtafiti naye ni mgeni. Kenya ina sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi. Isome kabla hujarekodi dawa, dua au ngoma ya uganga.

Picha nazo zataka uangalifu. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama, huko Kilifi, mbele ya vigango viwili, nguzo za mbao za ukumbusho, alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. Baadaye vikaibwa. Miaka ikapita, vikagunduliwa kwenye makumbusho mawili ya Marekani, na ile picha ikawa ushahidi. Mwaka 2007 vikarudishwa Kenya. Andika basi tarehe, mahali na mwenyewe kwenye kila picha unayopiga, uihifadhi vizuri, umwachie nakala mwenye nyumba. Na usiitundike mtandaoni. Mwizi naye anatazama.

Malipo. Usilipe mahojiano. Ukilipa jibu, utauziwa majibu, na mwanafunzi atakayekuja baada yako utakuwa umemwachia soko. Lakini usiwe mtu wa kuchukua bure. Chumba ulipe kodi ya haki. Mtembeza wageni akikupa siku nzima, mlipe siku yake kama ambavyo mtalii angemlipa. Anayekufundisha Chidigo au kukutafsiria, mwajiri kwa makubaliano. Ukialikwa chakula, kesho peleka sukari na unga. Pakiwa na matanga au khitma, toa mchango kama wanavyotoa majirani, usizidishe, na ukae jikoni na wanawake wenzio mpaka vyombo vioshwe. Wanawake wengi hawajawahi kumwona mtafiti akiosha vyombo, na hapo ndipo mazungumzo hubadilika. Ukiangukia Ramadhani, ambayo miaka hii inakuja wakati wa kaskazi, wageni wakiwa wengi, angalia nani anawapikia watalii mchana akiwa amefunga, na anasemaje kuhusu hilo wakati wa kufuturu.

Vibali upitie kwa mpangilio: barua ya kamati ya maadili ya chuo, kisha kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kisha ofisi za serikali kule Kwale, kisha chifu na naibu wake, mzee wa mtaa, na BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo, kwa mambo ya bahari. Lakini usifike kijijini ukiwa nyuma ya chifu. Akikutambulisha yeye peke yake, watu watakuona wa serikali. Mpe taarifa, msalimu, kisha uombe mwenyekiti wa akina mama akutambulishe kwenye kikao chao.

Na ombi la mwenyekiti la kuandika mazuri? Mjibu wazi, mapema, mbele ya wenzake: utaandika utakayoyaona, hutaandika la kumdhuru mtu, na watayasikia wao kabla ya chuo. Usimdharau kwa kuomba. Ripoti mbaya ya mwanafunzi inaweza kumnyima fedha za mbao mwakani, na anajua hivyo. Hapa ndipo jina la kijiji linapoingia. Kubadilisha majina ya watu hakutoshi. Ukiandika "mweka hazina wa kikundi cha akina mama cha daraja la mikoko, Kwale", kila mtu kuanzia Msambweni hadi Shimoni anajua ni nani. Changanya sifa, hamisha tukio, ficha cheo, na mengine uyaache yabaki nawe. Sheria ya kulinda data ya 2019 inakubana pia, lakini hata isingekuwepo, hao ni watu waliokupa mkeka wa kulalia.

Hojaji 200 usizikatae mbele ya msimamizi, ziahirishe. Mwombe zifanywe Mei, mwishoni, baada ya wewe kuhesabu nyumba zote za kijiji na kujua maswali yenye maana kwa watu wa pale. Huenda nyumba hazifiki 200, na hapo mwenyewe atapunguza. Hojaji fupi iliyozaliwa kijijini ina faida: inakuonyesha kama uliyoyaona kwenye nyumba kumi ulizozizoea yapo kwenye zile ambazo hukuzikanyaga.

Mei hiyohiyo, kabla ya kuondoka, omba kikao uwasomee ulichokipata, kwa Kiswahili na kwa sauti, maana si wote wanaosoma. Waache wakukosoe, na ukosoaji wao uuandike pia. Tasnifu ikikamilika, iandikie muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili. Nakala moja ibaki kwa kikundi na nyingine kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya pale, kwa sababu kamati hubadilika na madaftari ya kikundi hupotea nazo.